Santuri Bila Daftari

Wahenga walilonga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mpenzi msomaji, methali hii tumeiandika ubaoni mara nyingi, tumeikamilisha katika mitihani, tukapewa alama zetu na kuendelea na safari. Mimi mwenyewe nilidhani inawahusu wenye maduka peke yao. Likizo ya Agosti iliyopita ndipo iliponifunza adabu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu niwaandikie wanachama wenzangu. Nina la kuungama kwanza, kisha nina la kusema.

Nyumbani kwetu, ng'ambo kidogo ya soko la Olenguruone, kuna sanduku la mbao ambalo marehemu Kugo alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Kugo alifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho kabla ya kuhamia huku. Mwaka wa 1960, alipomwoa Gogo, alinunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono pamoja na santuri za kuchezea. Gramafoni hiyo ilikatika springi zamani sana ikauzwa kwa bei ya chuma kikuukuu. Santuri zikabaki sandukuni chini ya kitanda, kumi na nne kwa idadi, nzito, nyeusi tititi, zimefungwa kwa magazeti yaliyokwisha kuwa ya rangi ya chai. Nyimbo zilizomo ni za lugha nne: Kipsigis, Kiswahili, Kikuyu na Kijaluo. Kugo hakujua Kijaluo hata neno moja. Gogo anasema alinunua kwa sababu gitaa lilimkuna moyo, basi.

Nilimwahidi Gogo kwamba nitamrudishia nyimbo zake. Nilikuwa nimesikia kuna fundi mjini Nakuru mwenye mashine inayoweza kuzungusha santuri za zamani, na kwamba sauti inaweza kuingizwa kwenye kompyuta, kisha kwenye simu. Gogo alicheka hadi akashika mbavu. "Hiyo simu yako itaimba kama kinanda ya Kugo?" aliniuliza. Halafu akainama, akapekua sanduku, akatoa santuri moja yenye pengo dogo ukingoni. "Ukienda, usisahau hii. Hii ndiyo ilicheza siku ile mimi niliingia kwa hii boma."

Basi nikaona si heri kupeleka kitu kichafu mbele ya fundi. Nilikuwa nimetazama video moja kwenye intaneti inayoonyesha jinsi ya kusafisha santuri kwa spiriti. Nikaenda duka la dawa, nikanunua kichupa cha spiriti ya kusafishia vidonda, nikachukua kitambaa laini na kuketi kwenye jua. Nilianza na ile ya Gogo kwa kuwa ndiyo ya maana zaidi. Nikasugua. Kitambaa kikawa cheusi mithili ya masizi. Nikafurahi moyoni, nikajisemea kwamba uchafu wa miaka sitini unatoka. Nikasugua tena kwa bidii ya mchwa.

Kumbe uliokuwa ukitoka ni wimbo.

Nilipoinua santuri juani nikaona uso wake umekuwa kama sahani iliyopakwa lami. Ile mistari myembamba inayobeba sauti ilikuwa imefutika, mahali pengine imeungana, mahali pengine haipo kabisa. Sikuamini macho yangu. Fundi wa Nakuru alipoiona alitikisa kichwa tu. Kati ya zile kumi na tatu zilizosalia alifaulu kupata sauti ya nane, na Gogo alipozisikia kwenye simu alitabasamu na kupiga makofi. Kisha akauliza, "Na ile yangu?" Msomaji mpendwa, sitaki kukueleza nilivyojihisi. Acha tu.

Sasa hebu tujifunze kutokana na kosa langu ili lisirudiwe. Santuri hizi za mizunguko 78 kwa dakika si za plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, ambayo ni utomvu mgumu unaotoka kwa wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti kule India na Thailand. Utomvu huo ulichanganywa na unga wa mawe na masizi, ukapashwa moto, ukakandamizwa kwenye kalibu. Maseremala wetu wanaijua shelaki vizuri: huiyeyusha kwa spiriti na kupaka kwenye viti na kabati ili zing'ae. Laiti ningemuuliza seremala yeyote pale sokoni, angeniambia kwa sekunde moja kwamba spiriti na shelaki ni kama moto na nta. Ile video niliyotazama ilihusu santuri za plastiki, zilizokuja baadaye. Ajuaye hili hajui lile.

Santuri za shelaki zilianza kuuzwa duniani mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zimepitwa na wakati. Upande mmoja wa santuri ya kawaida hubeba wimbo wa dakika tatu hivi. Zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Zile ndogo zenye tundu pana katikati, ambazo wazazi wetu walichezea nyimbo za Shirati Jazz na Victoria Jazz, ni za plastiki na ni wadogo zao. (Hizo bendi zilijiita "Jazz" ingawa zilipiga benga. Neno hilo lilikuwa limesafiri kutoka Marekani na kugeuka jina la heshima la bendi yoyote yenye magitaa, kama Tabora Jazz na Morogoro Jazz kule Tanzania.)

Lakini kosa la spiriti si kosa langu kubwa. Kosa kubwa nililigundua jioni ile, Gogo alipojaribu kunifariji. Alianza kuimba ule wimbo polepole, akaimba beti moja na kiitikio, kisha akakwama. Nikamuuliza nani aliuimba. Akasema hajui, Kugo ndiye alijua. Nikamuuliza uliitwaje. Akasema waliuita tu "ule wa pengo". Karatasi ya katikati yenye jina la mwimbaji ilikuwa imeliwa na mende, labda kabla sijazaliwa. Kugo aliishi nami hadi nilipokuwa darasa la sita. Kila jioni nilimpelekea chai. Siku hata moja sikuwahi kumuuliza habari za sanduku lile, wala sikuandika neno.

Hapo ndipo nilipouona ukweli ambao ndio kiini cha makala haya: tunadhani kuhifadhi nyimbo za zamani ni kazi ya mashine, kumbe ni kazi ya daftari kwanza. Mashine huhifadhi sauti. Daftari ndilo linalohifadhi mwenyewe.

Huenda ukasema ninatia chumvi. Basi nikupe mfano usio mbali na kwetu.

Huko Marekani aliishi mwimbaji aliyeitwa Jimmie Rodgers. Alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi ya reli, akaanza kurekodi santuri mwaka 1927, na akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Alikuwa maarufu kwa kuimba huku akipandisha na kushusha sauti ghafla, kama mchungaji anayeita ng'ambo ya bonde. Mwaka 1930 alirekodi wimbo mmoja akiwa na Louis Armstrong, yule bingwa wa tarumbeta ya jazi. Mzungu wa nyimbo za mashambani na Mweusi wa jazi wakakutana kwenye santuri moja ya shelaki, wakati ambapo nchi yao iliwatenganisha watu kwa rangi. Santuri za Rodgers zilisambaa duniani kote, zikavuka bahari, zikafika hadi kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni za Wazungu.

Sasa fikiria mzee wa Kipsigis wa wakati huo anasikia sauti ya mtu ikitoka kwenye kisanduku. Mtu haonekani. Jina "Jimmie Rodgers" lilipopita katika ulimi wa Kipsigis likawa "Chemirocha". Watu wakatunga nyimbo juu ya Chemirocha huyo na kuziimba kwa chepkong, kinubi chetu cha nyuzi. Kipya kinyemi ingawa kidonda!

Mwaka 1950 alikuja mtafiti aliyeitwa Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na vyombo vya kunasia sauti. Alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akawanasa Wakipsigis wakiimba nyimbo kadhaa za Chemirocha. Maarufu kuliko zote ni ule ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Tracey aliandika kwamba katika wimbo huo Chemirocha ni nusu mtu na nusu swara. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, na nyimbo za Kapkatet zikakaa huko miaka na mikaka.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mnamo miaka ya 2014 na 2015, wakati nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kuwekwa kidijitali, wahusika wa maktaba hiyo wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha kwa Wakipsigis. Walikwenda vijijini wakitafuta waimbaji na jamaa zao, na wakawapata baadhi ya watu waliokuwepo siku ile ya 1950. Wazee waliokuwa vijana wakati huo wakasikia sauti zao wenyewe baada ya zaidi ya miaka sitini.

Nauliza: waliwapataje? Je, ni kwa sababu ya kompyuta? La hasha! Ni kwa sababu Tracey, kila aliponasa wimbo, aliandika kadi: nani ameimba, wapi, lini, kwa lugha gani, kwa ala gani na wimbo unahusu nini. Mtu aweza kumlaumu Tracey kwa mengine, hasa kwamba nyimbo zetu zilisafiri mbali nasi tukabaki mikono mitupu kwa miaka mingi. Hilo ni kweli nami nakubali. Lakini ile kadi ndiyo iliyokuwa njia ya kurudi nyumbani. Bila majina wale wasichana wangekuwa "wasichana fulani wa Afrika", na hakuna gari linaloweza kukufikisha kwa "fulani".

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna mfano mwingine ambao tungepaswa kuujua kuliko wote. Siti binti Saad wa Unguja alipanda chombo hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Nyingi za santuri hizo zimevunjika au zimepotea. Hata hivyo nani hamjui Siti? Tunamjua kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake. Gwiji yule hakuwa na mashine ya kunasa sauti. Alikuwa na kalamu.

Tena hapa petu Olenguruone tuna historia nzito zaidi. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaleta hapa Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingine, kisha ikawawekea masharti waliyoyakataa. Mzozo ukaendelea hadi mwaka 1950, walipofukuzwa na wengi kupelekwa Yatta, Ukambani. Katika miaka ile ya dhiki walitunga nyimbo kuhusu Olenguruone. Baadaye sana wanahistoria waliwauliza wazee na kuandika maneno ya baadhi ya nyimbo hizo katika vitabu. Angalia basi: mwaka ule ule wa 1950, Kapkatet kulikuwa na mashine na kadi. Olenguruone kulikuwa na lori na vilio. Yaliyosalia yamesalia kwa sababu mtu fulani alikwenda kwa mzee akiwa na daftari, na mzee akakubali kukumbuka.

Nataja hili kwa makusudi. Eneo letu limeona watu wakihama zaidi ya mara moja. Mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008, watu waliondoka usiku wakiwa wamebeba watoto, blanketi na sufuria. Ni nani angebeba santuri? Sanduku likabaki, likachomeka na nyumba au likachukuliwa na mpita njia. Shelaki huyeyuka kwenye moto kama mshumaa. Ndiyo maana nasema kila sanduku lililonusurika hapa kwetu, liwe la Mkipsigis, la Mkikuyu, la Mogiek au la Mkisii, ni mali ya sisi sote. Sanduku la Kugo lina lugha nne. Wazee wetu walinunua nyimbo za majirani wakati ambapo hawakuzielewa maneno, wakazicheza sebuleni na kuzipenda. Hilo nalo ni funzo, ingawa halimo katika mtaala.

Najua kuna wenzangu watakaopinga. Wacha niwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema, "Wewe, kila kitu kiko kwenye intaneti siku hizi." Si kweli. Ni kweli kwamba kuna kazi kubwa imefanywa. Maktaba ya Marekani inayoitwa Internet Archive ina mradi wa Great 78, ambao umeweka kidijitali mamia ya maelfu ya nyimbo za santuri za shelaki. Nyingi mno ni za kwao. Sanduku la chini ya kitanda cha Gogo hakuna mtu atakayelitoa Marekani kuja kulitafuta. Na zile nyimbo zetu chache zinazopakiwa na watu wa huku, mara nyingi zimeandikwa tu "wimbo wa zamani wa Kikalenjin". Zamani lini? Nani aliimba? Huko ni sawa na kuzika mtu bila kuandika jina msalabani halafu kujisifu kwamba umemtunza.

Wa pili atasema tungoje hadi shule inunue mashine. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Mashine nzuri yenye kasi ya 78 na sindano yake ina gharama, na huenda tukaipata mwaka huu, huenda tusiipate. Daftari la kurasa tisini na sita tunalo leo. Mzee wa miaka themanini na tano hatatungoja. Santuri iliyokaa miaka sitini chini ya kitanda inaweza kukaa miwili zaidi ikitunzwa, lakini mtu anayejua jina la mwimbaji yuko leo, na kesho ni ya Mungu.

Wa tatu atasema hizi ni nyimbo za ulevi na mambo ya kale, hazina faida kwa mwanafunzi anayetaka alama. Huyu namjibu kwa upole. Nyimbo hizo zina Kiswahili cha miaka ya hamsini, misemo ambayo haimo vitabuni, majina ya miji na bei za vitu. Anayetaka kujifunza Fasihi Simulizi atapata wapi kitabu bora kuliko hicho? Mwacha mila ni mtumwa.

Wa nne, ambaye namheshimu zaidi, atauliza kuhusu sheria na haki. Je, nyimbo hizi si mali ya mtu? Ni swali zuri. Mradi wa Great 78 wenyewe ulishtakiwa na kampuni za muziki mwaka 2023, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2025. Hapa Kenya, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu iliporekodiwa. Utungo wenyewe unalindwa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo hata rekodi iliyokwisha muda, utungo wake huenda bado una mwenyewe. Sasa utamwombaje ruhusa mtunzi usiyemjua jina? Utailipaje familia yake, au hata kuishukuru? Mnaona tunarudi pale pale. Asiye na daftari hawezi hata kutenda haki.

Kwa hiyo natoa pendekezo mbele ya Chama chetu, na ningependa lijadiliwe katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Tufungue Daftari la Santuri. Kila mwanachama, akienda likizo, aulize nyumbani na kwa majirani kama kuna santuri. Akizipata, asiombe kupewa. Aombe kuziona tu. Kwa kila moja aandike lugha, jina la wimbo, jina la mwimbaji na kampuni, vile vilivyo kwenye karatasi ya katikati, na apige picha. Kisha atazame kwa makini ile sehemu laini kati ya mistari na karatasi: hapo kuna namba iliyopigwa kwenye shelaki yenyewe. Hiyo aiandike bila kukosea, maana karatasi ikiliwa na mende namba hubaki. Halafu, na hili ndilo kubwa, aketi na mwenye sanduku amuulize: Ulinunua wapi? Mwaka gani? Ulikuwa ukiicheza lini? Wimbo unasemaje? Ni nani huyu anayeimba? Aandike majibu kwa maneno ya mzee mwenyewe, hata yakiwa Kiswahili cha soko. Asiyasahihishe.

Mashine ikipatikana, tufuate utaratibu. Santuri ioshwe kwa maji safi yaliyotiwa tone la sabuni, karatasi ya katikati isiloe, kisha ikaushwe kivulini. SPIRITI MARUFUKU! Sindano iwe ya santuri za shelaki, ambayo ncha yake ni pana mara tatu au nne kuliko ya zile za plastiki, la sivyo italala chini ya mfereji na kusoma vumbi. Tusizicheze kwenye gramafoni ya kale kwa majaribio, kwa sababu mkono wake ni mzito na sindano yake ya chuma huila santuri kila inapopita. Wazee walibadilisha sindano kila baada ya upande mmoja, nasi tukidhani walikuwa wabadhirifu. Sauti ihifadhiwe nzima kwenye faili kubwa ya WAV, na mikwaruzo yake yote. Tukitaka kuisafisha, tusafishe nakala. Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, zisilaliane.

La mwisho, na hili tuliapie: mwenye sanduku apewe nakala kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimesikia wanunuzi hupita vijijini wakitoa shilingi chache kwa sanduku zima, halafu santuri moja ikauzwa ng'ambo kwa bei ya mbuzi. Mimi siwalaani, kwa kuwa mtu ana haki ya kuuza chake na pengine mnunuzi huyo ataitunza kuliko sisi. Ila mzee asiuze kabla ya kujua anachouza, na wimbo usiondoke kijijini kabla jina lake halijabaki.

Mpenzi msomaji, nimalizie nilipoanzia. Ile santuri ya Gogo sikuitupa. Spiriti ilifuta mistari lakini haikuifikia namba iliyo karibu na katikati, nami nimeinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Chini yake nimeandika: "Kipsigis. Gitaa moja na sauti mbili. Ilichezwa mwaka 1960 bibi harusi alipoingia nyumbani." Nimeandika beti moja na kiitikio kama Gogo alivyoimba. Mahali pa jina la mwimbaji nimeacha wazi.

Santuri haikutengenezwa moja. Zilipigwa nyingi kwa kalibu ile ile, zote zikiwa na namba ile ile, zikauzwa madukani kutoka Kericho hadi Nakuru. Huenda ndugu yake iko chini ya kitanda cha nyanya yako, Molo au Keringet au Silibwet, na karatasi yake bado haijaliwa. Ukienda nyumbani, tafadhali tazama. Ukiona namba, njoo tulinganishe. Gogo ana miaka themanini na tatu, na kila nikifika mlangoni swali lake ni moja: "Umepata ile yangu?"

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili